Giaboksi ya otomatiki inasingiziwa mengi

Pita Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, uone giaboksi za mtumba kutoka Japani zilivyopangwa mlangoni mwa maduka. Sidhani kila anayebeba moja alikuwa na giaboksi mbovu. Haya ndiyo husikika gereji.

“Haliingii gia ya mwisho, giaboksi imekufa.”

Tazama dashibodi kwanza. Toyota na Nissan nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia. Kidole kikikigusa bila wewe kujua, taa ya O/D OFF huwaka na gia ya juu haiingii hata uende mpaka Thika. Kibonyeze tena, kesi imekwisha. Kwenye Toyota, taa hiyo ikipepesa yenyewe, hapo ni kompyuta inalalamika.

Kisha uliza kama thamostati ipo, ile vali inayozuia maji ya injini yasizunguke kwenye rejeta mpaka yapate moto. Mafundi wetu wana mazoea ya kuing'oa gari likichemka, na mwenye gari huenda asiambiwe. Kompyuta za magari mengi huzuia gia ya juu hadi maji ya injini yapate joto la kutosha. Bila thamostati, asubuhi ya Julai unaweza kuteremka kutoka Limuru hadi Westlands injini ingali baridi, gari likinguruma kwenye gia ya tatu. Thamostati ni bei ndogo sana ukilinganisha na giaboksi.

“Likipanda kilima linakatikakatika, giaboksi inateleza.”

Angalia mshale wa mizunguko ya injini. Ukipaa huku mwendo hauongezeki, kweli inateleza. Usipopaa, na gari linashtukashtuka tu, anza na plagi na koili.

“Ukiingiza D linagonga, kumevunjika ndani.” Huenda ni maunti za injini zilizochoka, yaani mipira inayoishikilia injini. Fungua boneti, vuta handibreki, kanyaga breki kwa nguvu, kisha hamisha gia kutoka R hadi D mwenzako akitazama akiwa pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka, umeshampata mwizi.

“Usiguse oili ya giaboksi kuukuu, utaiua.”

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Watu wengi hukumbuka oili wakati gari limeshaanza kuteleza. Klachi za ndani zimeisha, oili mpya haiwezi kuzifufua, na lawama zote zinaiendea. Kwa hiyo ipime kabla ya kuamua. Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi hupimwa oili ikiwa moto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi hutaka injini izimwe kwanza. Ikipungua, tafuta inakovujia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, jiandae kwa gharama. Ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu kwenye magari mengi oili hiyo hupozwa humo humo ndani ya rejeta; usiliendeshe, ita gari la kuvuta.

Ikiwa rangi imefifia tu, ibadilishe. Ukifungua plagi ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, hutoka sehemu tu; nyingine hubaki kwenye konveta inayounganisha injini na giaboksi, hivyo rudia baada ya muda.

Na usikubali “oili ni oili”. T-IV si WS, ingawa zote ni oili za Toyota, na giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia, ina oili yake kabisa. Mara nyingi aina huandikwa kwenye kijiti chenyewe.

“Mashine imesoma P0700, shusha giaboksi.” Hiyo ni kodi, yaani namba ya hitilafu, na inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina hitilafu iliyorekodi. Haitaji hitilafu gani. Mwambie fundi aingie kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe asome kodi ya pili; ikitaja solenoidi (vali ya umeme inayoelekeza oili) au kihisi, aanze na nyaya na soketi zake kabla hajashika spana ya kushusha chochote.