Usiige mguu uliovunjika, iga benchi

"Kocha, hebu tazama hii," mteja wangu mmoja aliniambia huku akinisogezea simu usoni. Ilikuwa usiku, jimu inakaribia kufungwa. Kwenye kioo kulikuwa na mechi ya hoki ya barafuni, Boston na Pittsburgh, ya Juni 5, 2013. Boston wako pungufu mtu mmoja kwa sababu mwenzao anatumikia adhabu. Gregory Campbell anajitupa mbele ya shuti la Evgeni Malkin, kile kisahani cha mpira mgumu kinamgonga mguuni, mfupa unavunjika. Anainuka. Kwa karibu dakika nzima anasimamia mguu mmoja, anajikokota, ananyoosha fimbo kuziba njia ya pasi, mpaka wenzake wanaondosha hatari naye anajivuta kwenda benchini.

Video inasisimua, sikatai. Mimi mwenyewe nimeshaitazama sijui mara ngapi. Balaa lilikuja baadaye. Bwana yule goti lilikuwa linamuuma kwa wiki ya pili, akajiambia: kama Campbell aliweza, mimi ni nani niache skwati? Akaongeza na uzito juu. Wiki tatu zilizofuata tulizimaliza kutuliza goti badala ya kulijenga.

Video ile inakatika mapema mno. Campbell hakucheza tena msimu ule. Boston walikwenda fainali bila yeye. Katika fainali hiyo, ambayo huchezwa kwa mfululizo wa mechi, mwenzake Patrice Bergeron alicheza mechi ya sita akiwa na ubavu uliovunjika, bega likaumia mechi ikiendelea, na baada ya filimbi akapelekwa hospitali, pafu lina tundu. Hawa walikuwa na madaktari wa timu pembeni na kombe liko karibu kufikiwa. Wewe una Jumanne tu, na Alhamisi inakuja.

Kazi yangu ni kujenga miili ya watu na kuwarudisha mazoezini baada ya majeraha, na katika kazi hii wachezaji wa hoki ndio ninaowatolea mfano kuliko wanamichezo wengine wote. Lakini damu na meno yaliyong'oka nawaachia watengeneza video. Mimi huzungumzia benchi.

Hoki huchezwa vipindi vitatu vya dakika 20, na ukimwondoa kipa hakuna anayekaa barafuni muda wote. Mchezaji anaruka ule ukuta mfupi wa uwanja, anachapa kazi sekunde 45 hivi kwa nguvu alizonazo, anarudi kuketi, mwenzake anaingia. Hiyo ni zamu moja. Mshambuliaji anayetegemewa hukusanya dakika 18 au 20 kwa usiku, zote zimekatwakatwa vipande. Muda uliobaki ameketi, anakunywa maji, anashusha pumzi, anasoma mchezo.

Sababu iko ndani ya misuli. Ina akiba ndogo ya nishati ya papo hapo, na ukikimbia kwa nguvu zote akiba hiyo inakwisha ndani ya sekunde kumi hivi. Hapo mwili unageukia sukari, unaichoma harakaharaka, na mapaja yanaanza kuwaka moto. Ukikaribia dakika moja bado unasogea, lakini kasi imeshakimbia, na makosa huja kipindi hicho. Ukiketi dakika mbili tatu, sehemu kubwa ya akiba inarudi. Ndiyo maana mchezaji anayeng'ang'ania barafuni baada ya zamu yake hapigiwi makofi na kocha. Anakaripiwa, kwa sababu anawaponza wenzake.

Sasa mtazame mtu anayeanza mazoezi. Siku ya kwanza amejipangia saa nzima bila kupumzika, kwa hasira za miaka mitatu ya kukaa. Siku ya pili anashuka ngazi kinyumenyume. Siku ya nne hayupo. Watu husema hana moyo, wakati moyo anao tele; kinachomkosa ni benchi.

Mimi humpa zamu. Achague chombo kimoja: baiskeli ya jimu, ngazi, kamba ya kuruka, chochote. Sekunde 40 za nguvu, dakika mbili za kuketi. Namaanisha kuketi, makalio kwenye benchi, si kuzungukazunguka huku anajibu meseji. Zamu sita, kisha nyumbani. (Kama una shinikizo la damu au tatizo la moyo, anza na daktari wako, maana zamu ya kweli inaupeleka moyo mbio.) Wengi hushangaa kwamba zamu ya sita haiwatishi. Akili haioni tena saa nzima ya mateso mbele yake; inaona sekunde 40, na sekunde 40 hata mvivu anazo.

Nikitakiwa kumtaja mchezaji mmoja tu wa kumwiga, nitamtaja Gary Roberts, na wengi wa wateja wangu hawajawahi kumsikia. Mwaka 1996, akiwa na miaka 30, alistaafu. Shingo yake ilikuwa imeumia vibaya, mishipa ya fahamu imebanwa, mikono inapoteza nguvu. Akakaa nje msimu mzima. Katika kipindi hicho alijenga upya kila kitu: matibabu ya shingo, chakula, usingizi, mazoezi ya nguvu yaliyopangwa hatua kwa hatua. Mwaka 1997 akarudi, na akacheza hadi 2009. Hesabu yake ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ni mechi 1,224, na zaidi ya nusu alizicheza baada ya kustaafu kule kwa kwanza. Alipoacha kabisa akawa kocha wa mazoezi, na nyota kama Steven Stamkos wakapita mikononi mwake. Hakuna video ya dakika moja ya kisa hiki. Ungerekodi nini? Mtu anavuta utepe wa mpira wa mazoezi taratibu, mara kumi na tano, kila asubuhi.

Kuna na Jaromír Jágr, ambaye kwa pointi za NHL (magoli na pasi za magoli) amepitwa na Wayne Gretzky peke yake. Amesimulia kwamba utotoni kwao Kladno, mji wa Ucheki, alikuwa akipiga skwati elfu moja kwa siku. Tafadhali usianze na elfu. Mtoto yule alifika huko kwa miaka, na magoti yake si yako. Kinachonivutia ni kwamba alipovuka miaka 50 alikuwa bado anacheza Kladno, katika timu aliyokuwa akiimiliki mwenyewe. Mtu hafiki huko kwa kujiua mazoezini kila Jumatatu.

Hata Connor McDavid, nyota mwingine wa hoki, aliyegonga nguzo ya goli Aprili 6, 2019, na kuumia vibaya goti, akakwepa upasuaji na kurudi mechi ya kwanza ya msimu uliofuata, ukikitazama vizuri kiangazi chake utakuta saa nyingi za kazi ndogondogo: kukunja goti kidogo, kulinyoosha, kuanza tena. Wanaomsifu kwa mbio zake hawajui alivyohesabu nyuzi za kukunja goti.

Mteja wangu wa lile goti bado anakuja. Mwanzoni benchi lilimtia aibu. Alidhani watu watasema amechoka. Nikamwambia ahesabu muda wa kuketi kama sehemu ya zoezi, auandike kwenye daftari pamoja na zamu. Juzi nilipita akiwa ameketi, taulo begani, macho kwenye saa ya ukutani. Nikafungua mdomo nimsalimie. Akaniinulia kiganja.

"Bado sekunde ishirini, kocha."