NT sio idadi ya waliobaki jamani

Nafundisha vijana wanaosomea uongozaji watalii hapa Arusha, na tukifika kwenye NT (Near Threatened, yaani "karibu na hatari", kwenye orodha ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi), kila darasa jipya lazima mmoja aje na hii: "Ticha, kama samaki taa na mwani wote ni NT si ina maana wamebaki sawasawa?" Wiki hii nimeulizwa mara tatu, acha niandike nipumzike.

Hapana. NT ni kwamba kiumbe anakaribia mstari wa VU (Vulnerable, ngazi ya kwanza ya walio hatarini), basi, na mstari wenyewe unafikiwa kwa njia nyingi. Chukua taa wa miba wa Ulaya, Raja clavata. Huyo unaangalia amepungua kwa kasi gani, VU inaanzia asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, unachukua kirefu zaidi, na taa anachelewa kukomaa kwahiyo vizazi vitatu ni miongo mizima. Sasa Chara, mwani wa maji baridi ambao nchi kadhaa za Ulaya wana spishi zake kwenye orodha zao, utahesabu vichwa vipi? Unauliza upo ziwa gani, umepotea ziwa gani, na eneo lililobaki ni kilomita za mraba ngapi. Herufi zilezile mbili, maswali tofauti kabisa. Bado unabisha? Nenda Ziwa Natron kamwone heroe mdogo (flamingo), yupo kwa mamilioni na ni NT, kwa sababu wa Afrika Mashariki karibu wote wanazaliana pale pale, pakiharibika ndio basi tena. Ukiwa na wageni anza na heroe, wataelewa dakika moja.

Na mengine ninayosikia: eti bwawa likiwa kijani mwani unastawi. Mwani upi? Chara unaota chini kwenye tope, una ganda la chokaa linakwaruza vidole na ukiufikicha unanuka kama kitunguu saumu, unataka maji angavu. Mbolea ikiingia, vimwani vidogo vinavyoelea juu vinauzibia mwanga, unakufa.

Eti NT inalindwa na sheria. Orodha ya IUCN haimkamati mtu.

Eti adimu huku ni adimu kote. Nitellopsis obtusa, ndugu yake Chara, Uingereza ni adimu, ila Marekani Kaskazini ulionekana mto St. Lawrence 1978 na leo wenye maziwa wanaung'oa kwa mikono.