Pikipiki ya mtumba na safari ndefu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishamwaga oili, sevisi imeisha.
Ukweli: Hata hiyo oili wengi hukosea. Klachi za pikipiki nyingi huoga kwenye oili ya injini, na oili ya gari yenye vipunguza msuguano huifanya klachi iteleze: injini inanguruma, mlima haupandi. Kopo liwe limeandikwa JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi za aina hiyo.

Dhana: Injini ikiwa kimya, tapeti (visukuma vali) ziko sawa.
Ukweli: Hii naiogopa kuliko zote, maana humsifu muuzaji. Vali ikizidi kujichimbia kwenye kiti chake, nafasi ya tapeti hupungua, na kelele nayo hupungua. Vali ya ekzosi hupoa inapokalia kiti. Isipofunga sawasawa huungua, na nguvu zinakuishia katikati ya pori. Fundi anayetega sikio tu, mshukuru uondoke. Nafasi hupimwa kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki yenyewe.

Dhana: Tairi yenye meno ni nzima.
Ukweli: Mpira huzeeka hata stoo. Ubavuni, kwenye namba ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018.

Dhana: Breki zinazoshika mtaani zitashika popote.
Ukweli: Ukitoka Mbeya kuja Dar es Salaam utateremka mlima Kitonga, kona juu ya kona, malori mbele na nyuma. Mafuta ya breki za diski hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango huweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mpira wa breki na mkono wa breki unazama bila kushika. Yakishakuwa na rangi ya chai ya rangi, yamwage. Breki za dramu zifunguliwe, zisikisiwe kwa nje.

Dhana: Sevisi ifanywe jana yake, kila kitu kiwe kipya.
Ukweli: Cheni mpya hulegea, nati huachia, sili huvuja. Fanya wiki mbili kabla, nenda Chalinze urudi, kisha kaza upya. Cheni ibadilishwe pamoja na sproketi zake. Tyubu na plagi za Boxer utazipata njiani. Beringi za pikipiki kubwa ya Kijapani zibebe mwenyewe.