Jimnastiki Afrika: matokeo hayasomwi kama msimamo wa ligi

Kila ubingwa wa Afrika wa jimnastiki unapokwisha, picha ya jedwali la matokeo huzunguka kwenye simu na ubishi huanza. Wengi wetu tumelelewa na mpira, tukazoea pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Huku hesabu ni nyingine. Hizi hapa kauli za kwenye ubishi huo, na majibu yake.

"Alama 10 ndiyo mwisho."
Ilikuwa hivyo zamani. Olimpiki ya Montreal, 1976, ubao wa alama ulimwandikia Nadia Comăneci wa Romania 1.00, kwa kuwa haukuwa na nafasi ya kuonyesha 10.00. Tangu 2006 mchezaji hupewa alama mbili zinazojumlishwa: ya ugumu, isiyo na ukomo, na ya umaridadi, inayoanzia 10 na kupunguzwa kila anapokosea. Kaylia Nemour wa Algeria alitwaa dhahabu ya fito za vimo tofauti Paris 2024 kwa 15.700, yaani 7.2 za ugumu na 8.5 za umaridadi. Ndiyo, bingwa wa Olimpiki mwenyewe alikatwa pointi moja na nusu! Kuanguka mara moja tu hula pointi nzima, na bado aliyeanguka anaweza kumpita aliyesimama imara ikiwa zoezi lake lilikuwa gumu zaidi.

"Basi mwenye zoezi gumu ndiye mshindi."
Hapana. Hapo hapo Paris, kwenye fainali ya fito moja ya wanaume, Oka Shinnosuke wa Japani na Ángel Barajas wa Kolombia walilingana kwa 14.533. Zoezi la Barajas lilikuwa gumu kuliko la Oka, lakini dhahabu ilikwenda Japani: alama zikilingana, hutazamwa nani alifanya kwa usafi zaidi.

"Bingwa wa Afrika keshakata tiketi ya Olimpiki."
Si lazima. Kwa Paris, kila bara lilikuwa na nafasi moja ya wanawake na moja ya wanaume kupitia mashindano yake ya 2024, na nafasi hiyo ilitengwa kwa ajili ya wasiokuwa na tiketi bado. Nemour alikwisha kufuzu kupitia ubingwa wa dunia wa 2023 huko Antwerp, alikopata medali ya fedha. Nafasi ya Afrika kwa wanawake, iliyoshindaniwa Marrakesh, ikaenda kwa Jana Mahmoud wa Misri. Kwa hiyo usishangae ukiona jina la juu kwenye jedwali si lile lililopata tiketi.

"Wa nne kwenye mchujo ameachwa, huu ni upendeleo."
Nchi moja huruhusiwa watu wawili tu kwenye fainali ya mchezaji mmoja mmoja. London 2012, Jordyn Wieber wa Marekani alikuwa wa nne kwenye mchujo wa jumla, yaani wa vifaa vyote kwa pamoja, akabaki nje, maana wenzake wawili wa Marekani walikuwa mbele yake. Kanuni inauma, nakubali, lakini imeandikwa. Na alama za mchujo hazibebwi. Fainali kila mtu anaanza na sifuri.

"Nemour ni Mfaransa, medali si yetu."
Alizaliwa Ufaransa na aliwahi kuichezea, kisha akahamia Algeria, nchi ya asili ya baba yake. Pretoria, 2023, alikuwa bingwa wa Afrika. Kwenye orodha rasmi dhahabu ile ni ya Algeria, na ni medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara hili.