Nini maana ya "ripoti ya kisiasa" katika nyaraka za Ghuba

Ukisikia leo "ripoti ya kisiasa", akili inakimbilia vyama, uchaguzi na wabunge. Ukiingia na maana hiyo kwenye nyaraka za Waingereza kuhusu Ghuba na pwani ya Uajemi (Iran ya leo), za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, utapotea ukurasa wa kwanza tu. Humo utakuta bei ya sukari, meli iliyotia nanga bandari ya Lingah, baghala (wanyama wa mizigo) walioporwa njiani pamoja na mizigo yao, sheikh aliyekosana na binamu yake, kipindupindu, na jahazi lililokamatwa likiwa na bunduki. Mambo yote hayo yako chini ya kichwa kimoja: siasa.

Chanzo chake ni cha kiofisi. Serikali ya Waingereza huko India iliigawa dunia yake mafungu mawili. Kulikuwa na nchi ilizozitawala wenyewe, zenye wakuu wa wilaya, mahakama na watoza kodi. Halafu kulikuwa na nchi zilizobaki na watawala wao, ambazo Waingereza walizishika kwa mikataba, zawadi, vitisho na manowari. Fungu hili la pili lilijumuisha falme za maharaja ndani ya India, lakini pia masheikh wa Uarabuni na pwani ya Uajemi, na maofisa waliopelekwa huko waliitwa maofisa wa siasa. Basi neno "kisiasa" juu ya karatasi hizo lisomeke hivi: hapa hatutawali, ila tunataka kujua kila kitu.

Kituo cha maofisa hao katika Ghuba kilikuwa Bushehr, bandari ya Uajemi. Mwaka 1763 Karim Khan Zand, mtawala wa Uajemi wakati huo, aliipa Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki ruhusa ya kufungua nyumba ya biashara katika mji huo. Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa mfanyabiashara. Kidogo kidogo biashara ikarudi nyuma na cheo kikabadilika, akawa Mwakilishi Mkaazi wa Siasa katika Ghuba, mwenye sauti kutoka Muscat hadi Kuwait. Kuanzia mwaka 1878 mtu huyohuyo alikuwa pia balozi mdogo mkuu wa Uingereza kwa mikoa ya kusini ya Uajemi. Aliwajibika kwa India kwa cheo kimoja na kwa London kwa kingine, na nakala za taarifa zake zilikwenda India, kwa balozi aliyeko Tehran, na London. Ofisi ilikaa Bushehr hadi mwaka 1946 ilipohamia Bahrain.

Karatasi zenyewe zilikuwa za namna kadhaa. Kulikuwa na shajara ya matukio, yenye aya zilizopewa namba na kupangwa kwa miji: Bushehr, Lingah, Bandar Abbas, Bahrain, Muscat. Kulikuwa na ripoti ya mwaka ya utawala, na ripoti ya biashara yenye majedwali ya bidhaa zilizoingia na kutoka. Wasomaji wengi hupenda shajara kwa sababu ina visa, wakayaruka majedwali. Mimi naona wanakosea, na nitaeleza kwa nini nikifika Lingah.

Kwanza tuulize: nani aliyeleta habari? Ofisa wa Kiingereza alikuwa mmoja au wawili katika mji, na bandari nyingi hazikuwa na hata mmoja. Kazi ilifanywa na mawakala wenyeji, ambao mara nyingi walikuwa wafanyabiashara wakubwa, Waajemi, Waarabu au Wahindi. Mshahara wao ulikuwa mdogo. Faida yao ilikuwa heshima ya kuitwa mtu wa Waingereza, na kinga pale gavana alipotaka kuwakamua. Wakala wa namna hii alisikia habari dukani, forodhani, kwa manahodha, kwa wenye baghala. Kwa hiyo alichokiona kilikuwa kile anachokiona mfanyabiashara: mzigo uliochelewa, deni lisilolipwa, ushuru uliopanda, njia iliyofungwa. Baada ya waya wa telegrafu kupitishwa Bushehr mwaka 1864, habari hizo zilifika India kwa kasi ambayo gavana wa Kiajemi hakuweza kushindana nayo.

Msomaji wa Unguja hataona ugeni mkubwa hapa. Kituo cha Waingereza Zanzibar nacho kilianza kama wakala wa siasa anayeripoti Bombay, na Lewis Pelly aliyeshika kazi Zanzibar mwaka 1861 ndiye aliyepelekwa Bushehr kuwa Mwakilishi Mkaazi mwaka uliofuata. Bandar Abbas yenyewe ilikodishwa kwa watawala wa Muscat kuanzia mwaka 1794 hadi 1868, maana yake Seyyid Said bin Sultan alipokuwa amehamia Unguja alikuwa bado na bandari upande wa Uajemi. Na Kiswahili chetu kinazungumza na pwani ile kila siku bila kujua: bandari, nahodha, hata serikali, ni maneno yenye asili ya Kiajemi.

Sasa tuje kwenye neno linalojirudia kuliko yote katika ripoti hizi: fujo. Wakati mwingine "machafuko", wakati mwingine "njia si salama". Mfano mzuri ni njia ya Bushehr kwenda Shiraz, karibu kilomita 300, inayopita Borazjan, Dalaki na Kazerun na kupanda milima mikali ambayo njia zake Waajemi huziita kotal. Kupanda kulikwenda nguo za pamba za Manchester, chai na sukari. Kushuka kulikuja kasumba (afyuni), mazulia, lozi na gundi za miti. Vyote mgongoni mwa baghala.

Katika njia hii watu wenye bunduki walisimama na kutoza kitu kinachoitwa rahdari. Rah ni njia. Neno zima ni kama kusema ulinzi wa njia. Khan, yaani mkuu wa eneo, aliuona kama haki: watu wangu wanalinda mlima huu, mwenye mzigo alipe. Gavana wa Shiraz akiwa na nguvu, malipo yalikuwa na kiwango kinachojulikana. Mapinduzi ya katiba yalipoanza, Shah (mfalme) Mohammad Ali akalipiga bunge mizinga mwaka 1908 na kuondolewa mwaka 1909, nguvu ya gavana ililegea, na kila khan akajipangia kiwango chake. Wasiolipa waliporwa.

Kwenye ripoti, rahdari, wizi wa usiku, vita vya koo mbili na upinzani dhidi ya gavana vilikaa karibu karibu, vikibeba jina lilelile la fujo. Kilichovitofautisha ni mwenye mzigo. Robota likiwa la raia wa Uingereza, hata kama ni Mhindi aliyezaliwa Bombay, tukio lilipata aya yake, hesabu ya hasara, na dai lililopelekwa kwa serikali ya Uajemi. Kijiji kikichomwa na watoza kodi, mara nyingi kilipata mstari mmoja, kama kilipata.

Na karatasi hizi hazikuishia kabatini. Tarehe 14 Oktoba 1910 Uingereza iliipelekea Uajemi barua rasmi: kama njia za kusini hazitatulia ndani ya miezi 3, litaundwa jeshi la kuzilinda chini ya maofisa kutoka jeshi la India, na gharama itatoka kwenye nyongeza ya asilimia 10 ya ushuru wa forodha za kusini. Yaani Mwajemi alipie mlinzi asiyemchagua kwa ushuru wa bandari zake mwenyewe. Tehran ilipinga. Mwaka 1911 wapanda farasi kutoka India walishushwa Bushehr na kupandishwa Shiraz, na mwaka 1916 likaundwa jeshi kamili la Uajemi ya Kusini chini ya ofisa wa Kiingereza Percy Sykes. Nyuma ya hatua hizo kulikuwa na miaka ya orodha za baghala walioibwa.

Forodha ndiyo mshipa wa habari yote hii. Mapato yake yalikuwa yamewekwa rehani kwa mikopo ya kigeni, na ndiyo maana wapinzani wa Shah walipoiteka Bushehr pamoja na forodha yake mwaka 1909, wanamaji wa Kiingereza walishuka mjini.

Lingah, niliyoahidi kuirudia, haina visa vya bunduki vingi hivyo. Kwa muda mrefu ilitawaliwa na masheikh wa Kiarabu wa ukoo wa Qawasim, hadi serikali ya Uajemi ilipowaondoa mwaka 1887. Zaidi ya miaka kumi baadaye forodha za Uajemi zilikabidhiwa kwa wasimamizi kutoka Ubelgiji, waliotoza ushuru kwa vitabu na bila kupunguziana kwa kujuana. Shajara haioneshi fujo kubwa. Majedwali ndiyo yanayosema: biashara ya Lingah inashuka, ya Dubai inapanda. Wafanyabiashara, Waarabu na Waajemi, walivuka maji na familia zao kwenda upande ambako mtawala alikuwa ameacha bandari bila ushuru mzito. Wengi walikuwa watu wa Bastak, na mtaa wao Dubai uliitwa Bastakiya. Hicho nacho ni kilio dhidi ya serikali, tena kizito, lakini hakikuitwa machafuko kwa sababu hakuna robota la Muingereza lililopotea.

Kinyume chake ni Tangistan, kusini ya Bushehr. Kwa miaka mingi ripoti zilitaja watu wake kama waporaji na wanunuzi wa bunduki zilizovushwa kutoka Muscat. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, ajenti wa Kijerumani Wilhelm Wassmuss aliingia kusini kuwachochea, na ripoti zikampa yeye nafasi kubwa, kana kwamba bila Mjerumani watu wa Tangistan wasingekuwa na neno na Waingereza. Julai 1915 maofisa wawili wa Kiingereza waliuawa nje ya Bushehr. Waingereza wakaiteka bandari tarehe 8 Agosti na kukipiga mizinga kijiji cha Delvar. Kiongozi wake, Rais Ali Delvari, aliuawa mwanzoni mwa Septemba. Aliyeandikwa kama mleta fujo anakumbukwa leo nchini Iran kila tarehe 12 ya mwezi wa Shahrivar kama shujaa aliyepigana na ukoloni wa Uingereza.

Nyingi ya karatasi hizi sasa zinasomeka bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Atakayefika kwenye zile za mwaka 1915 akumbuke pia stempu za posta za Bushehr. Waingereza walichukua stempu za Uajemi zenye picha ya Ahmad Shah, wakachapa juu yake kwamba mji uko chini yao. Zilitumika hadi Oktoba, mji uliporudishwa kwa Waajemi. Kwa wiki hizo chache Bushehr ilikuwa imetoka kwenye fungu la siasa na kuingia lile jingine.