Kumbukumbu pepe ya kompyuta: yasemwayo dukani na yatendekayo kwenye diski

Laptopu ya ex-UK yenye RAM ya GB 4 haimalizi wiki mkononi kabla mtu hajakushauri "uiongezee RAM kwa setingi". Setingi yenyewe ipo, ndiyo kumbukumbu pepe (virtual memory). Inachofanya ni kitu kingine.

"Kumbukumbu pepe ni RAM ya bure."

Matangazo ya simu za "GB 8 + 8" yameikoleza dhana hii. Kinachoongezwa ni faili tu, pagefile.sys, lililofichwa kwenye diski. Windows huhamishia humo kurasa za kumbukumbu (vipande vidogo vya data) ambazo hazijaguswa kwa muda, ili RAM ibaki na zinazotumika sasa. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ngumu inayozunguka huchukua milisekunde 10 hivi kila inapotafuta mahali, yaani huchelewa kama mara 100,000. Ndiyo maana mashine ya GB 4 uliyoitengea faili la GB 12 haikatai kufungua programu, lakini taa ya diski haipumziki na kishale cha kipanya kinakokota miguu. SSD, diski isiyozunguka, hupunguza mateso hayo sana, ila haigeuki RAM.

"Nina GB 16, basi naizima kabisa."

Huu ndio ushauri unaoharibu kazi za watu. Programu ikiomba kumbukumbu, Windows hutoa ahadi kwanza, na jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM ukijumlisha na pagefile. Programu nyingi huomba kingi na kutumia kidogo. Ukiliondoa faili, ahadi hufika kikomo ilhali RAM ingali na nafasi: kurasa za Chrome zinakufa, mchezo unajifunga bila neno, video uliyokuwa ukiihariri inapotea. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia "Performance", kisha "Memory", usome "Committed", yaani ahadi zilizotolewa na kikomo chake. Ukiona 14.8/15.7 GB, uko ukingoni. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tukio namba 2004 hutaja programu zilizokula sehemu kubwa wakati huo. Wachache hulitazama, na ndilo lenye jibu.

"Zidisha RAM kwa moja na nusu."

Kanuni ya enzi za RAM ya megabaiti 256. Mwenye GB 32 akiifuata leo atatenga GB 48, karibu sehemu ya tano ya SSD ya GB 256. Pima matumizi yako badala yake: fungua kila unachofungua siku ya kazi nzito, soma kilele cha "Committed", kisha kitoe kiasi cha RAM uliyo nayo. Kilele kikiwa GB 13 na RAM ni GB 8, unahitaji faili la angalau GB 5. Upeo wa GB 8 unakupa nafasi ya kupumua.

Kwa wengi, hata hesabu hiyo haihitajiki. Windows ikijisimamia, upeo wa kawaida ni mara tatu ya RAM au GB 4, yoyote iliyo kubwa, mradi usizidi moja ya nane ya diski. Kinachoikwamisha ni diski C kujaa, kwa sababu faili hukosa pa kukulia. Futa video za WhatsApp kwanza.

Ukiamua kuweka mwenyewe: bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", kisha "Settings" iliyo chini ya "Performance", "Advanced" tena, halafu "Change". Ondoa tiki ya juu, chagua C, kisha "Custom size". Vipimo ni vya megabaiti, na GB 1 ni 1024. Kwa mfano wetu, mwanzo 4096 na upeo 8192. Bonyeza "Set" kabla ya "OK", la sivyo umejisumbua bure. Ukipunguza ukubwa lazima uchague "Restart", maana Fast Startup (setingi ya kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, kuzima kwa "Shut down" hakuianzishi Windows upya kabisa.

"Lihamishie D, C ipumue."

D ya laptopu nyingi ni kipande cha diski ileile. Kasi haiongezeki, na kwenye diski inayozunguka, kichwa cha kusomea huwa na safari ndefu zaidi. Isitoshe, bila pagefile kwenye C, skrini ya bluu ikitokea huenda Windows isihifadhi rekodi ya kilichoiangusha, na fundi atabaki kubahatisha.

"Litaiua SSD."

SSD yenye dhamana ya kuandikiwa TB 150, ikiandikiwa GB 20 kila siku, huchukua miaka 20 hivi kuufikia ukomo huo. Laptopu yenyewe itakuwa imekufa zamani.

Ikiwa "Committed" inapita RAM yako kila siku, fedha zako zinahitajika kwenye RAM halisi. Kabla ya kwenda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, tazama "Slots used" palepale kwenye "Memory": 1 of 2 kwa kawaida maana yake kuna tundu wazi. DDR3L na DDR4 ni aina mbili za RAM na haziingiliani, na baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, kwa hiyo fungua kifuniko cha chini kwanza, na ukienda dukani beba kipande ulicho nacho.