Kilindini palikuwa bonde la mto

Juzi niko Kilifi mafundi wanachimba shimo la choo, wameshafika futi kumi hivi, kijana mmoja akanitolea jiwe akaniuliza mzee mbona hili lina maua? Nikalimwagia maji, vinyota vikatokea vimepangana kama sega la nyuki. Nikamwambia hayo si maua mwanangu, ni matumbawe, viumbe wadogo wa baharini wanaojijengea mwamba, yaliota hapo hapo ulipo na samaki walikuwa wanapita juu yake.

Miaka yote hii kwenye jiolojia na bado mwili unanisisimka. Manake hii nchi tambarare ya pwani tunayolima minazi na kujenga nyumba ni sakafu ya bahari jamani. Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilipata joto, barafu za kule Greenland na Antaktika zikayeyuka, bahari ikapanda mita 6 mpaka 9 juu ya ilipo leo, matumbawe yakajijenga, halafu maji yakarudi nyuma yakaacha mwamba mkavu, ndio Ngome ya Yesu kule Mombasa imekalia mwamba wa namna hiyo na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe yake.

Sasa kilichofuata ndio mimi nakipenda zaidi. Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilikuwa imekamata maji mengi sana, bahari ikashuka karibu mita 120! Mito nayo maji yake lazima yaifuate bahari, ikakata ule mwamba ikashuka chini, chini kabisa, ikachonga mabonde marefu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda yakaingia humo humo kwenye mabonde, ndio hori, ile mikono ya bahari inayoingia bara, za Kilindini na Tudor pale Mombasa, Mtwapa na Kilifi mnazoziona. Wazee waliosema Kilindini walijua hapo pana kilindi, yaani maji ya kina kirefu, na meli kubwa leo zinapita juu ya bonde la mto.

Na bahari ilipokuwa chini vile Unguja ilikuwa imeungana na bara, maana mkondo wa bahari ulio kati yake na bara una kina kifupi, kwa hiyo watu na wanyama walivuka kwa miguu, kwenye pango la Kuumbi huko kusini imekutwa hata mifupa ya punda milia. Pemba hapana, mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Maji yalifika karibu na yalipo leo miaka kama 6,000 iliyopita na tangu hapo mawimbi yanaula ule mwamba kutokea chini. Nenda Watamu maji yakipwa, utaona vile visiwa vidogo vimeliwa shingo kama uyoga.